Uzi: Umesaini taimshea ukiwa likizo ugenini? Hesabu siku zako kabla hujampigia mtu simu

MshikaKalamu

Wakuu, uzi huu ni wa taimshea tu, yaani ile haki ya kukaa wiki moja kila mwaka kwenye jengo la mapumziko, ambayo mtu huuziwa akiwa likizo nchi ya watu. Naomba tuweke siku, vifungu, viasi na taratibu, ili mwenye mkataba mkononi asome leo na achukue hatua leo. Visa vya "mimi nililizwa" vina nyuzi zake.

Tuelewane kwanza: taimshea yenyewe si haramu, na wapo wanaofurahia wiki zao. Shida iko kwenye namna inavyouzwa, na kwa wezi wanaomwinda aliyekwisha kununua. Hayo ni makundi mawili tofauti na dawa zake hazifanani.

Mauzo huanzia barabarani. Unasimamishwa na mtu mwenye kadi za kukwangua au ofa ya tiketi za boti, chakula cha jioni, usafiri wa bure kutoka uwanja wa ndege. Wakikwangua wawili, mmoja lazima ashinde "zawadi kubwa", na zawadi hiyo inachukuliwa hotelini, kamwe si hapo mlipo. Huyo wa barabarani halipwi kwa kuuza. Analipwa kwa kila wawili anaowafikisha mezani wakiwa na sifa zinazotakiwa, ndiyo maana kabla hajakupa kitu anauliza umri, kama mmeoana na kama mna kadi ya mkopo.

Mnaambiwa ni dakika 90. Mezani anakaa muuzaji mchangamfu anayeuliza mlitumia kiasi gani likizo tatu zilizopita, kisha anazidisha jibu lenu kwa miaka 30. Mkikataa anakuja bosi, bei inakatwa nusu, na ofa "inaisha leo". Mkikataa tena, karibu na mlango kuna mtu wa tatu mwenye kifurushi kidogo cha majaribio. Usimchukulie kama msindikizaji. Yeye ndiye nyavu ya mwisho, na kifurushi chake nacho ni mkataba.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitazami. Ndani ya rundo la karatasi (siku hizi ni tableti, unabonyeza tu) kuna ukurasa mmoja wenye visanduku vya kuweka herufi za mwanzo za jina lako. Vinasema hivi: sikununua kama uwekezaji, sikuahidiwa kwamba kampuni itanikodishia wiki yangu, sikuahidiwa kwamba itainunua tena, naelewa ada ya matunzo inaweza kupanda. Anza kusoma hapo. Ukurasa huo ni orodha ya mambo yote uliyoambiwa kwa mdomo saa moja iliyopita, na kila ukiweka herufi zako unayafuta moja baada ya jingine.

---

Kikokotoo

Naweka hesabu, kwa sababu mezani hesabu hufanywa upande mmoja tu.

Chukua mfano wa bei ya dola 15,000, mkopo wa pale pale wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 10. Marejesho ni kama dola 242 kwa mwezi. Mpaka unamaliza umelipa takriban 29,000. Ada ya matunzo weka dola 1,000 kwa mwaka, ipande asilimia 5 kila mwaka. Kwa miaka 20 hiyo peke yake ni kama 33,000. Jumla inakaribia 62,000 kwa wiki 20, yaani zaidi ya dola 3,000 kwa wiki moja, na nauli ya ndege haimo.

Ada ikipanda kwa kasi hiyo inajizidisha mara mbili ndani ya miaka 14 au 15. Tena hulipwa hata mwaka ambao hukwenda. Muuzaji anapenda kuzungumzia bei, lakini mwenye akili anauliza ada ilikuwa kiasi gani kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, na anataka ankara zenyewe.

Kipimo kingine cha dakika mbili: andika jina la jengo hilo mtandaoni pamoja na neno "inauzwa tena". Wiki zilezile unakuta zinatolewa kwa dola 1, na mwenye nazo yuko tayari kulipia hata gharama za uhamisho. Ukishaona hivyo, habari ya uwekezaji imekwisha.

---

Nahodha_K

Swali la haraka wakuu. Mtu kasaini jana usiku, kalipa amana kwa kadi, ndege ni kesho alfajiri. Anaanzia wapi?

---

MshikaKalamu

@Nahodha_K anaanzia kwenye tarehe ya mkataba na nchi lilipo jengo. Nchi nyingi za kitalii zina siku za kujitoa bila kutoa sababu. Zikipita, mlango huo umefungwa na inayobaki ni njia ya gharama.

Umoja wa Ulaya: siku 14 za kalenda, kwa Agizo namba 2008/122. Zinahesabiwa kuanzia kusaini, au kuanzia kupokea nakala ya mkataba kama ilikuja baadaye. Kama hukupewa fomu maalum ya kujitoa, muda unarefuka hadi mwaka mmoja na siku 14. Kama ulipewa fomu lakini hukupewa maelezo ya lazima kwa maandishi, ni miezi mitatu na siku 14. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, pekua bahasha yote utafute fomu hiyo. Isipokuwemo, huenda bado una muda mrefu kuliko unavyodhani.

Meksiko: siku 5 za kazi.

Marekani: kila jimbo na lake. Florida siku 10 za kalenda, Hawaii na California 7, Nevada 5. Florida siku zinahesabiwa kuanzia kusaini au kupokea hati ya mwisho inayotakiwa kisheria, lolote litakalotangulia lisikuhusu. Linalokuja nyuma ndilo linalohesabiwa.

Afrika Kusini: siku 5 za kazi, ikiwa uliuziwa kwa kufuatwa na muuzaji moja kwa moja.

Utasikia "ulisaini karatasi ya kuacha haki ya kujitoa". Ulaya na Florida karatasi hiyo haina nguvu hata ikiwa na sahihi yako kumi.

Barua yenyewe ni fupi. Usieleze sababu, usilaumu mtu, usiombe. Iandike kwa lugha ya mkataba, maneno yawe haya (uanachama wa kubadilishana ni ule wa kubadili wiki yako na ya jengo jingine):

"Sisi [majina kama yalivyo kwenye pasipoti], tuliosaini mkataba namba [...] tarehe [...], tunajitoa kwenye mkataba huo na mikataba yote inayoambatana nao, ukiwemo mkopo na uanachama wa kubadilishana wiki. Rudisheni kiasi cha [...] kilichotozwa kwenye kadi inayoishia na [tarakimu nne]. Majibu yote yaje kwa maandishi kwa anwani hii."

Chini waweke sahihi wote waliosaini mkataba. Barua ya mume peke yake kwenye mkataba wa watu wawili ni kosa la kawaida sana na ofisi hulishikilia.

Peleka kwa anwani iliyoandikwa kwenye kifungu cha kujitoa, ambayo mara nyingi si ya hotelini. Jengo linaweza kuwa ufukweni na kampuni ya mkataba iwe imesajiliwa kisiwa kingine kabisa. Njia ni posta, barua ya rejista yenye uthibitisho wa kupokelewa. Kwa kawaida tarehe ya kutuma ndiyo inayohesabika, lakini soma kifungu chako. Siku hiyohiyo tuma nakala kwa baruapepe. Ukiwa bado mjini, peleka na nakala mbili mkono kwa mkono: moja wabaki nayo, nyingine wagonge mhuri na tarehe. Wakikataa kugonga, piga picha ya barua ikiwa kaunta na uondoke, usibishane.

Asiye na posta ya kufikia kabla ya ndege atume baruapepe usiku huohuo, kisha rejista atume akifika kwao, mradi siku hazijapita.

---

Bi_Stakabadhi

Naongezea mambo yanayoharibu barua nzuri.

La kwanza, kupiga simu. Simu haina mhuri. Utaambiwa "tumekuelewa, mhusika yuko likizo, njoo keshokutwa tuzungumze". Keshokutwa utapewa wiki ya nyongeza au punguzo, na utasaini mkataba mpya unaofuta ule wa kwanza. Usiende.

La pili, kutumia ulichopewa. Usifungue akaunti ya uanachama, usiweke nafasi, usitumie pointi. Ukianza kutumia, watasema ulikubali. Vifaa vya uanachama (kabrasha, kadi, tableti kama ilitolewa) rudisha vikiwa kamili, na uandikiwe stakabadhi.

La tatu, mkopo. Chini ya agizo la Ulaya, ukijitoa kwenye mkataba mkuu, mkopo uliofungwa nao na uanachama wa kubadilishana vinakufa nao bila gharama. Hata hivyo, nakala ya barua mpelekee mkopeshaji pia. Kompyuta yake haijui kilichotokea hotelini, itaendelea kukata.

---

Mpita_Njia77

Mbona mnajisumbua? Unapiga simu benki, unasema umetapeliwa, hela inarudi. Kwisha habari.

---

Kikokotoo

@Mpita_Njia77 hapana bwana, hapo ndipo watu wanapopoteza dai lililo hai.

Benki haiamui kama uliuziwa kwa ulaghai. Inalinganisha sababu na ushahidi. Ukisema "sikufanya muamala huu", mwenye kampuni anatoa karatasi yenye sahihi yako na nakala ya pasipoti, unashindwa, na kurudi na sababu nyingine baada ya hapo ni mlima. Sababu inayobeba ni kwamba huduma ilifutwa kwa mujibu wa mkataba na sheria lakini fedha hazikurudishwa. Kwa kadi za Visa hiyo ni sababu namba 13.7. Kwa hiyo barua ya kujitoa inatangulia, benki inafuata, na risiti ya rejista ndiyo silaha yako.

Tazama pia taarifa ya kadi. Biashara ya taimshea ina namba yake ya aina ya biashara, 7012. Muamala ukionekana umepita kama "vifaa vya nyumbani" au "ushauri", mwambie hivyo ofisa wa benki, maana ni dalili kwamba muuzaji hakutaka benki ijue anauza nini.

Wenye kadi za mkopo zilizotolewa Uingereza wana kinga ya ziada, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya 1974: kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, mtoaji wa kadi anawajibika pamoja na muuzaji, hata ununuzi ukiwa nje ya nchi. Haihusu kadi za akiba za kawaida (debit). Ukiwa na zote mbili mfukoni, tofauti hiyo ni kubwa.

Aliyelipa kwa uhamisho wa benki, ajue kwamba hizo kanuni za kadi hazimgusi.

---

Wakili_wa_Jioni

Kuhusu amana, Ulaya kuna jambo ambalo wauzaji wanatumaini hulijui. Ndani ya zile siku 14 ni marufuku kupokea malipo ya awali ya aina yoyote. Agizo limeziba matundu kwa kuyataja: dhamana, kuzuia fedha kwenye akaunti, hata kukiri deni kwa maandishi, iwe kwa muuzaji au kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu ametajwa kwa sababu ujanja wa zamani ulikuwa kusema "hatupokei sisi, inakaa kwa mdhamini". Hispania, kwa Sheria namba 4 ya 2012, mnunuzi aliyetozwa ndani ya muda huo anaweza kudai mara mbili ya alichotoa.

Chunga urefu wa mkataba. Agizo la zamani, la 1994, liligusa mikataba ya kuanzia miaka mitatu, basi ikazuka mikataba ya miezi 35. La sasa linagusa inayozidi mwaka mmoja, na sasa utaona vifurushi vya mwaka mmoja kamili au pungufu. Kile kifurushi cha mlangoni alichokitaja @MshikaKalamu mara nyingi ni hiki. Kabla ya kusaini tazama kama kuna kujirudisha kwenyewe, kwa sababu mkataba wa mwaka unaojirudisha wenyewe unaingia kwenye agizo.

Kuna pia "klabu za likizo" ambazo hazikupi nyumba, zinakupa nywila ya tovuti yenye bei za punguzo. Ulaya hizi nazo zimo, zikizidi mwaka: malipo lazima yagawanywe kwa mafungu sawa ya kila mwaka, na kuanzia fungu la pili unaruhusiwa kuacha bila adhabu. Anayekutaka ulipe yote kwa mkupuo amekwishavunja sheria kabla hujafungua tovuti yake.

Na kwa wenye mikataba ya zamani ya Hispania: sheria ya 1998 iliweka kati ya miaka 3 na 50. Januari 2015 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mkataba uliosainiwa chini ya sheria hiyo bila kikomo cha muda ni batili. Kama karatasi yako inasema "milele", mtafute wakili aliyesajiliwa huko, si kampuni iliyokupigia simu.

---

Mpita_Njia77

Sawa, nimekubali la benki. Lakini zawadi je? Mtu akienda kusikiliza tu, achukue tiketi zake aondoke, kosa liko wapi?

---

Bi_Stakabadhi

Hakuna kosa, kuna gharama. Wewe unaingia mara moja. Aliye mbele yako anafanya hivyo kila siku na ameshasikia kila udhuru unaoujua.

Anayeng'ang'ania aende na usafiri wake, maana gari lao linarudi wanapotaka wao. Kadi zote abaki nazo kwenye sefu ya chumbani. Pasipoti asiiachie mapokezi kwa "usajili", atoe nakala. Watoto wasipelekwe chumba cha michezo upande wa pili wa jengo, kwa sababu muda wa kuondoka ukifika "wanaletwa" na haletwi mtu. Zawadi iandikwe kwenye karatasi kabla ya kukaa: ni nini, inatolewa saa ngapi, kuna amana au hakuna. Dakika ya 90 simama. Sema "hapana, naomba zawadi yangu", na usiongeze neno. Ukisema "ni ghali" umefungua mazungumzo ya bei. Ukisema "nitamuuliza mwenzangu" wamekuletea simu.

Mimi bado nasema nunua tiketi ya boti kwa pesa yako.

---

MshikaKalamu

Tuhamie kwa wezi wenyewe, maana hawa wanachukua zaidi ya wauzaji.

Aliyekwisha kununua anapigiwa simu miaka kadhaa baadaye. Mpigaji anajua jina la jengo, namba ya mkataba, hata wiki. Ana mnunuzi, kwa kawaida kampuni inayotaka wiki nyingi kwa wafanyakazi wake, na bei inapita ile uliyonunulia. Hakuombi chochote kwa wiki mbili tatu. Anakutumia mkataba wenye nembo na mihuri. Kisha linakuja dogo: kodi ya uhamisho, ulipe wewe kwanza, itarudishwa siku ya kufunga mauzo. Ukilipa inaanza awamu ya pili: faini, kisha "ada ya kuvusha fedha mpakani". Kila malipo yana karatasi mpya.

Hili si la vijana wa mtaani. Tangu 2023 Hazina ya Marekani imewawekea vikwazo watu na kampuni kadhaa kwa utapeli wa taimshea unaohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco, huko Puerto Vallarta, Meksiko. Taarifa ya pamoja ya Hazina hiyo na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ya Julai 2024 ilitaja takwimu za FBI: kati ya 2019 na 2023 waathirika wapatao 6,000 wa Marekani waliripoti hasara ya karibu dola milioni 300. Taarifa hiyo inaeleza kwamba taarifa za wamiliki hupatikana kwa watu wa ndani ya hoteli. Ndiyo maana anajua wiki yako.

Awamu ya tatu ndiyo inayokausha kabisa. Anapiga "mwanasheria" wa kukurejeshea ulichoibiwa, au mtu wa Interpol, au ofisi ya serikali, anasema malipo yako ya mwanzo yalikuwa utakatishaji wa fedha na utashtakiwa usipolipa.

Dalili moja inatosha kwa awamu zote tatu: unadaiwa utangulize fedha ili upokee fedha. Mauzo ya kweli hukata kodi na kamisheni kutoka kwenye malipo ya mnunuzi. Ulaya dalali wa kuuza tena haruhusiwi kupokea hata senti kabla mauzo hayajafanyika.

---

Nahodha_K

Na yule ambaye siku zake zimepita kweli, fomu alipewa, hana kasoro ya mkataba?

---

Wakili_wa_Jioni

Aandike kwa kampuni ya jengo lenyewe aulize kama wanapokea marudisho. Baadhi wanapokea, kwa sharti kwamba mkopo umeisha na ada ya mwaka huu imelipwa. Atapoteza alichonunulia lakini ada zitakoma. Akikataliwa, ajaribu kugawa: mtu wa kuichukua kwa dola 1, uhamisho usajiliwe na jengo, na apate barua kwamba jina lake limetoka kwenye daftari la wamiliki. Bila barua hiyo ankara zitaendelea kuja kwake.

Kuacha tu kulipa kunawezekana, ila kunaleta wakusanya madeni na doa kwenye rekodi ya mikopo. Uzito wake unategemea nchi ya mkataba na nchi anayoishi, aulize kwanza.

Kampuni za "kukutoa" zinazotaka maelfu kabla ya kazi, aziache.

---

Nahodha_K

Asante. Yule wa ndege ya alfajiri ametuma baruapepe, ila mkataba ni wa Meksiko, umesainiwa Ijumaa. Rejista anaweza kungoja hadi Ijumaa ijayo?

---

Bi_Stakabadhi

Asingoje. Siku tano za kazi kuanzia Jumatatu zinaishia Ijumaa hiyohiyo, na posta yake ikifunga mapema amekwisha. Atume Jumatatu asubuhi, barua ya Kihispania na nakala ya lugha yake nyuma, na risiti aipige picha akiwa bado kaunta. Wakikaa kimya, malalamiko yanakwenda Profeco, ofisi ya shirikisho ya watumiaji huko, inayopokea pia ya wageni walioko nje ya nchi. Sahihi ni za wote wawili, usisahau kumwambia hilo.